Kidole Kimoja, Barabara ya Kumi na Nne

Alhamisi asubuhi jengo la mahakama ya Kaunti ya Wexel lilikuwa na watu wanne tu, na mmoja wao alikuwa amefungiwa kwenye stoo ya masanduku ya kura. Wexel haina selo tena. Ilifungwa miaka sita iliyopita, mwaka mmoja na zahanati na shule ya sekondari, na siku hizi mshukiwa akipatikana huwekwa humo, katikati ya masanduku na bendera zilizochakaa, mpaka Kaunti ya Draycott ituletee gari la kumchukua. Ndiyo hali yetu, tutafanyaje? Watu mia tatu tisini na mmoja kwenye maili mraba mia saba, na ukiondoa marehemu, mia tatu tisini.

Aliyekuwa stoo ni Lyle Benes, mtu wa miaka arobaini na minne, mkulima aliyekodi mashamba ya marehemu. Marehemu ni Delbert Sedlak, mmoja wa makamishna watatu wa kaunti. Na aliyekuwa akipigapiga kalamu mezani, mwenye haraka zake, ni Bwana Thaddeus Prewitt, mwanasheria wa kaunti. Kwa sheria zetu Prewitt ndiye pia mchunguzi wa vifo, ingawa ini na figo ukimwekea kwenye sahani moja atakuomba chumvi.

"Saa tisa alasiri gari la Draycott liko hapa," alisema. "Saa tisa na nusu nasoma shtaka. Mauaji. Una neno, Sherifu?"

Sherifu Darla Vavra alikuwa na neno, ila lilikuwa halijaiva.

"Nipangie tena saa zako."

Prewitt akashusha pumzi. "Jumanne, saa tano na nusu asubuhi, Delbert anatoka kikaoni, humu humu ndani. Ameshawaambia wenzake wawili kwamba wiki ijayo atapiga kura ya ndiyo, Wexel iunganishwe na Draycott. Saa kumi alasiri anaonekana na pikapu yake kwenye Barabara ya Kumi na Nne akirudi kwake. Mashahidi watatu: mama wa posta, mzee wa ghala la mahindi, na wewe mwenyewe. Jumatano saa moja asubuhi Lyle anapiga simu kwamba amemkuta chini ya ngazi ya ghala lake la shambani, kisogo kimepasuka. Daktari kule mjini anasema huyu hakuanguka kwenye ngazi, alipigwa kwenye chuma au alisukumwa. Sasa, baada ya saa kumi, shambani pale alikuwapo nani? Lyle. Jumapili nani alimfokea Delbert mlangoni mwa kanisa kwa ajili ya ng'ombe kuvunja ua? Lyle. Hii ni hesabu ya darasa la kwanza, Darla."

"Daktari anasema alikufa saa ngapi?"

"Kati ya saa sita mchana na saa sita usiku. Ndiyo maana mashahidi wetu ni dhahabu, hasa wewe. Wazee gani wa mahakama watambishia sherifu?"

Darla akachukua karatasi ya ushahidi wake. Aliiandika mwenyewe Jumatano, akinakili saa kutoka ripoti ya zamu ya Jumanne iliyobanwa nyuma yake. *Nilimwona Delbert Sedlak, Barabara ya 14, akielekea kaskazini, saa kumi na dakika tano. Tulisalimiana.* Ile ripoti ya zamu ilikuwa na doa kubwa la kahawa lililokauka.

Alilitazama doa lile. Tangu Jumatano alipofunua shuka akamwona mzee aliyemjua maisha yake yote, alikuwa akingoja machozi, na hayakuja. Alikuwa na ganzi kama fizi iliyochomwa sindano. Tena kulikuwa na jambo la aibu: Delbert akiwa kaburini, kura zinabaki sare, moja ya ndiyo na moja ya hapana, kaunti haiunganishwi, na beji yake inabaki kifuani. Hata aibu yenyewe haikuja.

"Na kama alikufa kabla ya saa kumi?" aliuliza.

"Basi wewe ulisalimiana na nani? Mzimu?" Prewitt akacheka peke yake.

Darla akafungua stoo. Lyle alikuwa amekaa juu ya sanduku la kura, mikono mikubwa magotini, ndevu za siku mbili.

"Nirudie Jumanne yako, Lyle."

"Nimeshairudia mpaka imeota sugu. Saa nne asubuhi mpaka saa tisa na nusu nilikuwa mnadani, nauza ndama. Watu mia wameniona, na mnadi aliniita jina kwenye kipaza sauti mara tatu. Nimefika shambani saa kumi na mbili kasoro. Pikapu ya Delbert ilikuwa pale, taa za nyumba hazijawashwa. Nikadhani amelala. Mzee wa miaka sabini na moja akilala, mimi nani nimwamshe?"

"Kulikuwa na nani mwingine?"

"Hakuna mtu."

"Ulisikia nini?"

"Hakuna kitu. Greda tu. Gaylen alikuwa anachonga barabara mpaka giza likaingia. Nikasema leo huyu naye kaamka na bidii gani." Akamtazama Darla kwa macho mekundu. "Nilimfokea, ndiyo. Kila mwaka namfokea. Kumfokea Delbert ilikuwa kama kupalilia, ina msimu wake. Darla, wakinipeleka Draycott, ng'ombe wangu mia na ishirini nani atawatilia maji?"

"Naibu wangu atapita jioni."

"Emory? Emory anaogopa kuku!"

Darla akafunga mlango taratibu. Lyle alikuwa mnadani mchana wote, hilo halikuwa na ubishi. Kama Delbert alikufa mchana, Lyle ni huru. Kama Delbert alikuwa hai saa kumi, Lyle amekwisha. Na kilichomweka Delbert hai mpaka saa kumi ni watu watatu waliosema wamemwona.

Akamwita Emory pembeni, akamnong'oneza. Emory, kijana mrefu mwenye shingo ya korongo, akakodoa macho.

"Pikapu ya ushahidi? Prewitt atanila nyama."

"Ufunguo uko kwenye swichi, Delbert hakuwahi kuutoa. Vaa kofia yoyote ya kijani. Saa tano na nusu kamili upite mbele ya posta."

Posta ya Kellis, mji wetu wenye mahakama, ni chumba kimoja chenye bendera. Bibi Opal Zink alikuwa nje, akipakia barua kwenye gari lake. Amesambaza barua miaka thelathini na nane.

"Kama umekuja kuniuliza tena habari ya Delbert," alianza kabla Darla hajafunga mlango wa gari, "nimemwona kwa macho yangu haya mawili. Na usinikazie uso, mimi nilikufuta kamasi kwenye masomo ya Jumapili."

"Sikatai, bibi. Alikuwa amevaa nini?"

"Kofia yake."

"Rangi gani?"

"Kijani."

"Kaunti nzima ina kofia ya kijani. Wauza mbegu wanazigawa bure. Uso wake ulikuwaje?"

"Jua lilikuwa linapiga kwenye kioo. Uso nauonaje?"

"Basi ulijuaje ni yeye?"

"Toba, mtoto huyu! Si nimekwambia alininyanyulia kidole? Mimi nikanyanyua, yeye akanyanyua. Unataka angeshuka anibusu?"

Kwetu ndivyo ilivyo. Mikono iko juu ya usukani, na ukipishana na gari lolote, kidole cha shahada kinainuka chenyewe. Asiyeinua atasemwa wiki nzima: ama amekasirika, ama ni mgonjwa, ama anatoka mjini. Darla aliinua kidole labda mara arobaini kwa siku, na hakukumbuka hata mara moja.

"Kwa hiyo uko tayari kuapa?" aliuliza, huku akitazama saa.

"Naapa mbele ya hakimu, mbele ya mchungaji, mbele ya yeyote. Miaka thelathini na nane nimepishana na Delbert Sedlak, leo nitashindwa kumju..."

Pikapu nyeupe yenye mlango mmoja wa buluu ikatokea kwenye kona ya benki, ikapita polepole. Ndani yake kofia ya kijani. Kidole kikanyanyuka juu ya usukani. Na mkono wa Bibi Opal, uliokuwa umeshika furushi la magazeti, ukainua kidole bila kumwomba ruhusa.

Pikapu ikapita. Bibi Opal akabaki na kidole hewani. Magazeti yakaanguka.

"Mungu wangu," alisema. "Nimemsalimia maiti."

"Umemsalimia Emory."

Bibi kizee akakaa kwenye ngazi ya posta. "Mwovu wewe," alisema kwa sauti ndogo. Kisha, huku akiokota gazeti, "Basi Jumanne nilimsalimia nani?"

"Mimi pia sijui bado. Nami nilimsalimia."

Mzee wa ghala la mahindi hakuhitaji hata jaribio. Darla alipomuuliza kama aliuona uso, alikuna kidevu, akasema uso wa Delbert wa nini, pikapu si ilikuwa yake.

Kwa hiyo mtu fulani aliirudisha pikapu shambani. Darla alikaa garini, akala nusu ya mkate wa nyama iliyosagwa aliofunga asubuhi, akaipanga njia nzima kichwani. Kutoka Kellis mpaka kwa Sedlak ni maili kumi na nane. Huyo mtu aliacha pikapu pale. Alirudije? Hakuna shahidi aliyeona gari lingine. Kwa miguu haiwezekani. Mtu akitembea kwa miguu Wexel, watu watatu watasimama kumuuliza kama amefiwa. Na nyumba kule hakuna, ni ya Sedlak tu, na chumba cha Lyle, na baadaye majani mpaka upeo wa macho.

Jumanne yeye alikuwa akitoka kaskazini, kufukuza ng'ombe waliotoka barabarani. Alipita kona ya Sedlak. Aliona nini? Hakuna kitu. Akajihoji kama alivyomhoji Lyle. Hakuna kitu. Greda tu.

Greda ya kaunti ilikuwa imesimama kwenye kona ile, imezimwa, kiti kitupu. Alidhani Gaylen amekwenda haja. Dakika chache mbele akapishana na pikapu nyeupe, kidole chake kikainuka, na kwa kuwa barabara ilikuwa imejikunja kama bati la paa na mkono wa pili ulishika kikombe, kahawa yote ikamwagikia ripoti.

Akaacha kutafuna. Jumanne saa kumi, barabara ilikuwa bati. Jumatano asubuhi, alipokimbizwa na simu ya Lyle, gari lake liliteleza juu ya njia ile ile kimya kimya, na hakuliwaza hilo hata kidogo. Nani anawaza barabara ikiwa nzuri?

Gereji ya barabara iko nyuma ya mahakama, hatua mia moja kutoka mlango aliotokea Delbert. Haikufungwa, hakuna kinachofungwa Wexel ila stoo ya kura, tena tangu jana tu. Daftari la greda lilining'inia kwenye msumari, mwandiko wa Gaylen Hruska mzuri kama wa mwalimu. *Jumanne. Barabara ya 14, kona ya Sedlak hadi mfereji. Saa mbili asubuhi hadi saa saba mchana.* Lakini saa kumi Darla aliikuta njia hiyo bado bati.

Pembeni ya mlango vilipangwa visu vikuukuu vya greda, vyuma virefu kama mtu, rundo limefika kiunoni. Darla akainama. Sakafu ya gereji ile ilikuwa nyeusi kwa oili ya miaka arobaini, ila mbele ya rundo palikuwa na kipande cha saruji kilichosuguliwa hadi kikawa kijivu, ukubwa wa meza ya chakula. Kulikuwa bado na harufu ya sabuni ya unga.

Akapiga picha sita, akachukua daftari, akabandika utepe wa polisi mlangoni. Emory alikuwa amefika, bado na kofia ya kijani.

"Jumanne usiku ulipita doria hapa?"

"Nilipita."

"Pikapu ya Gaylen ilikuwa wapi?"

Emory akafikiri. "Hapa hapa. Nikajua ameenda nyumbani na greda. Wakati mwingine huwa anafanya hivyo."

"Mbona hukuniambia?"

"Hukuniuliza habari za Gaylen, Sherifu. Nani anauliza habari za Gaylen?"

Hilo lilikuwa kweli. Kaunti ina dereva mmoja wa greda, miaka thelathini na mmoja, na huonwa kama mnara wa maji unavyoonwa.

Alimkuta saa nane mchana kwenye Barabara ya Ishirini na Mbili, inayoishia kwenye nyumba ya Hruska mwenyewe. Greda ilikuwa ikija polepole, ikilaza tuta la changarawe katikati ya njia. Darla akasimamisha gari kando, akashuka. Mashine ikanguruma, ikapungua, ikanyamaza. Gaylen hakushuka. Mtu wa miaka sitini na miwili, mabega yaliyoinama, kofia mapajani.

"Binti wa Vavra," alisema. "Lyle bado mmemshika?"

"Bado. Saa tisa anachukuliwa."

"Loo." Akatazama mbele. "Nilidhani mtamwachia. Nilisema Lyle alikuwa mnadani, watamwachia."

"Tulisema Delbert alikuwa hai saa kumi. Mimi niliandika hivyo."

"Ndiyo. Nilisikia."

"Gaylen, una haki ya kunyamaza."

"Naijua. Nimenyamaza tangu Jumanne na sijapata faida." Sauti yake ilikuwa tambarare, kama mtu anayesoma hali ya hewa. "Alipita gereji akitoka kikaoni. Alikuja kunieleza mwenyewe, nisisikie kwa watu. Ustaarabu wake huo. Nikamuuliza, mkishaungana na Draycott, theluji ikianguka nani atafungua barabara yangu? Arlys lazima awe kwenye mashine ya figo Jumatatu, Jumatano, Ijumaa, maili sitini na mbili. Akasema, Gaylen, nyumba moja haifanyi barabara. Hakusema kwa ubaya. Ni kweli, kwenye ramani haifanyi. Nikamsukuma. Mara moja tu. Akaenda kinyumenyume kwenye vile visu."

"Kwa nini hukuniita?"

"Kesho yake ilikuwa Jumatano."

Darla akaandika neno hilo kwenye kijitabu, *Jumatano*, akalipigia mstari.

"Mchana wote alikuwa wapi?"

"Ndani ya pikapu yake, chini ya turubai, na mlango wa gereji nimeufunga. Nilisugua sakafu. Nikangoja watu warudi kazini kutoka chakula cha mchana, kisha nikangoja tena, kwa sababu miguu haikutaka. Greda nilikuwa nimeilaza kona ya Sedlak tangu kabla ya Jumanne, nikajua nikishamweka chini ya ngazi ya ghala nitarudi nayo. Tulipopishana mimi na wewe alikuwa nyuma yangu. Nilijua umeniona, Darla. Nikasema basi, imekwisha, afadhali. Ukainua kidole."

"Nikainua."

"Nami ningefanyaje? Nikainua."

Darla alingoja kitu kimjie: hasira, kichefuchefu, chochote. Upepo ulipita kwenye majani makavu, na hakikuja kitu. Akarudi kwenye gari, akachukua redio.

"Prewitt. Mfungulie Lyle."

"Nimfungulie? Gari la Draycott limeshaingia mjini!"

"Lingoje. Litakuwa na abiria mwingine. Ushahidi wangu uchane, nitaandika upya. Niliona pikapu. Mtu sikumwona."

"Unajua mwanasheria wa utetezi atakufanya nini kwa hilo?"

"Najua. Mfungulie sasa hivi, ng'ombe wake wana kiu."

Aliporudi, Gaylen alikuwa bado juu ya kiti chake.

"Naomba jambo moja," alisema. "Siwezi kuacha tuta katikati ya njia. Gari dogo likija kwa kasi litapinduka. Imebaki nusu maili hadi getini kwangu."

Kanuni zilikataa, na Darla alizijua kanuni. Alilitazama lile tuta la changarawe lililonyooka katikati ya barabara mpaka kwenye nyumba moja nyeupe. Mtu akimpa mshukiwa mashine ya tani kumi na tano, hana wa kumlaumu.

"Chonga," alisema.

Akawasha taa zake za buluu, akamfuata nyuma kwa mwendo wa mtu anayetembea. Kisu kilisukuma changarawe, kikaitandaza, kikailaza. Gaylen hakukosea hata mahali pamoja. Kwenye geti aliinua kisu, akazima mashine, akashuka kwa kushika ngazi kwa mikono miwili, akampa Darla ufunguo.

"Arlys anatoka saa kumi na moja alfajiri," alisema. "Akichelewa kiti wanampa mwingine. Garini hapendi redio."

"Kesho nitampeleka mwenyewe."

"Na Jumatatu?"

Darla akamfunga pingu kwa mbele, si kwa nyuma. Mlango wa nyumba ukafunguliwa. Arlys Hruska akatoka kibarazani, mwanamke mwembamba mwenye sweta kubwa la mumewe, bandeji nyeupe mkononi, kijiko cha kupikia kwenye ule mkono wa pili. Jua lilikuwa machoni mwake, akajikinga na kijiko.

"Mbona mapema leo?" aliita. "Viazi hata havijachemka. Ni nani huyo uliye naye? Darla? Karibu basi, mama, mbona umesimama getini kama mgeni?"

Gaylen alimtazama mkewe, akafungua mdomo, kisha akamgeukia Darla.

"Mwambie wewe," alisema. "Mimi nikimwambia nitasema uongo."

Darla akavua kofia, akaanza kutembea kuelekea kibarazani.